Tenki Lililoacha Kumwagika

Kwetu Usukumani hata anayekuja kukugombeza hukusalimu kwanza. Mama yule alisimama mlangoni mwa karakana yetu asubuhi, beseni kaliegemeza kiunoni, vumbi la safari limempanda hadi magotini, akasema, "Mwangaluka." Tukaitikia. Akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za ng'ombe ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nao, na zote tukajibu mhola, yaani ni amani tupu. Kisha akaliweka beseni juu ya meza ya kazi, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, akatuangalia mmoja mmoja.

"Sasa niambieni," akasema. "Nani kati yenu kanikatia maji?"

Ndani ya beseni mlikuwa na miche ya nyanya iliyong'olewa na mizizi yake. Ilikuwa imeshashika maua, lakini majani yalikuwa yamejikunja na kukauka pembeni. Alisema hiyo ndiyo iliyokwisha kufa, na kwamba mingine iliyobaki shambani haina siku nyingi.

Karakana yetu ni ghala la zamani la mpunga hapa Kahama, nyuma ya mashine za kukoboa. Mwenye ghala hatudai kodi. Tunachomlipa ni kuhakikisha mota zake haziugui. Yeyote anaweza kuingia, akatumia vyombo vyetu, akafungua alichokuja nacho, na akakiharibu zaidi akipenda. Pumba za mpunga huingia kila mahali, hata ndani ya chai. Mjini wanatuita "wale wafungua-fungua," na sisi tumeshaacha kukasirika, isipokuwa mimi.

Tunaoiendesha ni watatu. Kuna mzee mmoja fundi umeme, aliyefanya kazi mgodini hadi mgodi ulipofungwa; wenzake wakahamia Geita kutafuta migodi mingine, yeye akabaki, akasema amechoka kuamshwa na king'ora. Maneno yake huja polepole, na ukimkatiza anarudi mwanzo. Kuna dada wa Kigoma, fundi simu, ushungi wake umeshikizwa kwa pini, ambaye anaweza kubandua kioo cha simu huku akibishana na muuza dagaa aliye nje ya dirisha. Yeye ndiye mwenye funguo na birika, na bila yeye tungeshafunga zamani. Halafu kuna mimi, fundi wa redio na televisheni, mwanamke mwenye hasira za karibu. Sifichi hilo, na wenzangu hawanisaidii kulificha.

Juu ya mlango tuna bango alilolichora yule dada kwa rangi nyekundu: MWENYE KULALAMIKA ASHIKE BISIBISI. Alilichora baada ya kuchoshwa na watu waliokuwa wakituachia feni zao, kisha wanakaa kwenye benchi na kututukana kwa kuchelewa. Maana yake ni kwamba hapa hatukutengenezei kitu ukiwa umekunja nne. Unakaa nasi, unashika chombo, unakosea, unacheka, unatoka ukijua. Tuliliamini bango lile kuliko tulivyoamini dawa ya malaria.

Sasa habari ya maji. Mwanzoni mwa kiangazi, kamati ya maji ya kijiji kimoja ng'ambo ya mgodi wa Buzwagi ilituletea swichi mbovu. Wana kisima kirefu, pampu ya sola, na tenki kubwa juu ya mnara. Mhudumu wa pampu alikuwa anawasha asubuhi, na tenki likijaa anazima. Swichi ilipoanza kugoma kuzima, naye akaanza kuichukulia kama likizo. Kila alasiri tenki lilikuwa linafurika na maji yanateremka kilimani. Kamati ilitaka kitu kimoja tu: swichi nyingine. Swichi ya namna ile inauzwa katika duka lolote la vifaa vya umeme, na kuifunga ni kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

Lakini ukimpa mtu wa karakana swichi mbovu, haioni swichi. Anaona pampu inayoweza kujizima yenyewe. Tulitengeneza boya kwa dumu la mafuta ya kula, likawa linaelea ndani ya tenki. Maji yakifika juu, boya linanyanyua waya na pampu inazimika. Tukaongeza simu ya kitochi ya zamani, iwe inatuma ujumbe kwa mhudumu na kwa mwenyekiti wa kamati: TENKI LIMEJAA. PAMPU IMEZIMWA. AHSANTE. Hilo neno la ahsante nililiongeza mimi. Siku ya kulifunga, mwenyekiti alipiga picha za video, kamati ikapiga makofi, tukachinjiwa kuku. Tulirudi Kahama vichwa vimevimba. Hakuna aliyetuomba boya, na hakuna aliyeona ajabu kwamba tumelileta.

Bustani ya mama yule ilikuwa chini ya lile tenki.

Alitueleza akiwa amesimama, kiti alikikataa. Mumewe alikwenda machimbo ya Geita, na kutoka huko zinakuja salamu tu. Mvua ikiisha, shamba la mpunga halina kazi, na nyumba yake yote hula kutoka kwenye bustani ile: mchicha wa mboga, nyanya za kupeleka sokoni. Alichimba mfereji kwa jembe lake, na kila alasiri yale maji yaliyofurika yalikuwa yanashuka moja kwa moja hadi kwenye matuta yake. Kisha siku moja hayakuja. Akadhani pampu imekufa. Kesho yake pia hayakuja. Akamuuliza mhudumu, naye akamwonyesha ujumbe kwenye simu.

"Mama," nikasema, "lakini maji yale yalikuwa yanapotea."

"Yalikuwa yanapotea yakienda wapi?"

Nikaikumbuka siku ya kulifunga boya. Tulipanda juu ya mnara, tukapima kina cha tenki, tukapima waya, tukapima hata jua. Hakuna aliyeteremka kufuata lile tope aone linaishia wapi.

Mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi nilipandisha sauti. Nikamwambia kamati ndiyo iliyotuita, kisima kinapungua kiangazi, lile tope lilikuwa linazalisha mbu. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Una maneno mengi, mwanangu," akasema. "Nyanya haziyanywi."

Dada wa Kigoma akaona mambo yanaharibika, akamimina chai, akavuta kiti, akampa bisibisi kwa mikono miwili kama ulivyo utaratibu wetu. Akamweleza kwa upole kwamba hapa mwenye shida hushika chombo, na kwamba atakaa nasi tufikirie pamoja jinsi ya kulitengeneza upya lile boya. Wengi wanapopewa bisibisi ile hutabasamu. Mama yule aliitazama, akalitazama bango, akairudisha mezani.

"Nikishika hii, nyanya zitakunywa nini? Mimi sikuja kusoma. Nimekuja kudai maji."

Mzee akaanza kusema, "Bango hili tuliliandika kwa ajili ya..." nami nikamkatiza, nikisema utaratibu ni utaratibu. Akarudi mwanzo. "Bango hili tuliliandika kwa ajili ya mtu anayeleta kitu chake kibovu. Mayu huyu, mama yetu huyu, hakuleta kitu kibovu. Sisi ndio tuliokwenda kwake, tukamharibia kilichokuwa kizima." Akasimama, akatoa kofia yake msumarini. "Kwa hiyo leo sisi ndio tutakaoshika chombo chake."

"Chombo changu ni ndoo," mama akasema. "Na jembe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi nawapa leo leo."

Tukafunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hatujawahi kulifanya hata siku ya mvua ya mawe, tukapanda bodaboda kumfuata.

Bustani ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na nzuri kuliko nilivyodhani. Matuta yamenyooka, kila shina la nyanya limefungiwa mti wake kwa kamba ya katani. Mchicha ulikuwa umeshageuka manjano, matuta ya juu yamekwisha kabisa. Matuta ya chini bado yalikuwa na uhai, maua yapo, lakini ardhi ilikuwa imepasuka. Na juu ya kilima lilisimama tenki letu, safi, kavu, halitoi hata jasho. Siku tulipolifunga boya niliona kuwa hicho ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kukitengeneza.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kupanda na kuling'oa lile boya. Mwenyekiti wa kamati akatukuta mguuni pa ngazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza tunakwenda wapi na koleo. Tulipomweleza, akakataa katakata. Kisima kimetulia, alisema. Foleni imepungua, na jioni watu wanapata maji, jambo ambalo miaka iliyopita lilikuwa la bahati. Hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia mama kwa sauti ya huruma.

"Vumilia, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mimi nilikuwa nayazoa," mama akamjibu.

Mwenyekiti akautazama ule mfereji mkavu. Mwishowe akakubali jambo moja: mkutano wa kijiji Jumapili, baada ya ibada, na hadi wakati huo asiguse mtu chochote. Jumapili ilikuwa bado. Nyanya zisingeweza kuisubiri.

Ndipo tukabeba ndoo. Tulipanga foleni kwenye kituo cha kuchotea maji kama watu wengine, tukajaza, tukateremka, tukamwagia, tukapanda tena. Na tukafanya hivyo kila siku, karakana tukiifungua mchana tu. Dada wa Kigoma alibeba ndoo kichwani bila hata kuishika, anatembea huku akiongea na simu. Mzee alibeba mbili mikononi, anapumzika kila baada ya hatua chache bila aibu. Mimi nilikuwa sijabeba ndoo kichwani tangu nitoke shule, na nusu ya maji yaliishia mgongoni mwangu.

"Fundi, tenki lako linavuja!" wanawake wa kwenye foleni wakanipigia kelele.

"Mwekeeni boya kichwani!" mwingine akadakia, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nilitamani kumjibu mtu. Lakini kichekesho kilikuwa cha kweli, na kwa kuwa sikuweza kukasirika nao, nilikasirikia ndoo. Jioni ya siku ile shingo ilikataa kugeuka.

Siku nyingine nilikuwa nimeinama namwagia shina moja, kidogo kidogo ili maji yasikimbie, nikamkumbuka baba yangu. Baba alikuwa Geita miaka yote ya utoto wangu, akisafisha marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshautoa dhahabu wakautupa. Waliouchimba waliuita uchafu. Baba aliuosha upya na alipata chembe mbili tatu, na kwa chembe hizo mimi nilikwenda chuo cha ufundi nikajifunza kupanda juu ya matenki ya watu. Nikiwa nimechuchumaa pale nilijisikia vibaya sana. Mtoto wa mtu wa marudio ndiye aliyeyaangalia maji yale akasema yanapotea. Sikuwaambia wenzangu. Nilikwenda kujaza ndoo nyingine.

Jumapili watu walijaa ofisi ya kijiji hadi nje. Mwenyekiti aliuliza swali la haki: maji ya kijiji yanawezaje kuwa ya bustani ya mtu mmoja? Mfugaji mmoja akasimama na fimbo yake, akasema kama nyanya zinapewa bomba, basi na ng'ombe wake wapewe. Mwingine akasema mafundi waliokuja kuzuia maji yasimwagike sasa wanataka yamwagike, waamue. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Mzee akaomba nafasi. Alisema polepole, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Boya lisitolewe, alisema, lihamishwe. Tenki likijaa, maji yanayozidi yaingie kwenye bomba badala ya kumwagika, yashuke hadi kwenye pipa chini ya kilima. Boya liwe ndani ya pipa. Pipa likijaa, pampu inazimika. Kijiji kinapata tenki lake kwanza, bustani inapata pipa lake baadaye, na hakuna tone linalokwenda kuzalisha mbu.

Ubishi uliendelea, lakini sasa ulikuwa wa namna ya kufanya, si wa kukataa. Kamati iliweka masharti mawili. La kwanza, kisima kikishuka mno kabla ya mvua, bomba la bustani linafungwa hadi mvua irudi. La pili, mteremko wote ule uwe wa wanawake wote wanaotaka kulima. Mama yetu akaruka. "Mfereji nilichimba mimi! Wakati nachimba mlikuwa wapi?" Walikuwa majumbani mwao. Baada ya mvutano mrefu wakamwachia matuta yake yote, na pipa likawekwa pembeni mwake, na yeye akapewa ulinzi wa koki. Alikubali kwa uso wa mtu aliyepunjwa. Mfugaji aliondoka ananung'unika na ng'ombe wake hawakupata kitu.

Bomba tulilipata kwa muuza vyuma chakavu wa Kahama. Pipa lilikuwa la mafuta, tukalisugua kwa majivu na mchanga hadi mikono ikachubuka. Siku ya kufunga, mimi nilikuja na kitu changu mfukoni. Mzee akakiona kabla sijakitoa chote.

"Hicho ni nini?"

"Kinachomekwa kwenye udongo," nikasema. "Kinapima unyevu. Udongo ukikauka kinafungua maji chenyewe, ukilowa kinafunga."

"Nani amekiomba?"

Nikakirudisha mfukoni. Kiliniuma, nakiri, maana kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Dada wa Kigoma akacheka hadi ushungi ukalegea. "Dada, leo tunaweka bomba," akasema. "Bomba tu. Jikaze." Halafu akamgeukia mama na kumuuliza koki anaitaka upande gani, na kimo gani. Mama alifikiri sana juu ya hilo. Alitaka upande wa njia, ili aione akiwa jikoni, na iwe juu kidogo, kwa sababu mgongo wake haupendi kuinama.

Alasiri tenki likajaa. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema tope, kisha maji safi yakaanza kushuka ndani ya pipa. Watu wachache walikuwa wamesimama, na mwenyekiti naye alikuwapo, simu mkononi, tayari kwa video nyingine. Pipa likajaa, boya likapanda, na huko juu pampu ikanyamaza. Hapo nilitaka kupiga makofi lakini nikajizuia, nikangoja.

Mama akafungua koki. Maji yakaingia kwenye mfereji wake wa zamani, yakapita matuta yaliyokufa, ambayo hakuna mtu angeweza kuyafufua tena, yakafika kwenye yale ya chini. Chini ya majani palikuwa na nyanya changa, kijani, za ukubwa wa gololi. Udongo ukabadilika rangi. Mzee akasema, "Wabeja," sijui akimshukuru nani.

Kisha mama akafunga koki. Akaifungua tena, maji yakatoka. Akaifunga. Akasimama akiisikiliza. Akaifungua, akaifunga.

Nikadhani tumefunga vibaya, nikashika spana. "Mama, koki ina tatizo?"

"Haina." Akaifunga tena, mkono ukabaki juu yake. "Nimeolewa hapa msichana, nimezeekea hapa. Maji ya bustani yangu yote yalikuwa ya kungoja wengine washibe, yawazidi, ndipo yaje kwangu yakitaka. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeyafunga mwenyewe."

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na grisi. Nikaweka spana chini, nikakaa kando ya tuta, nikamwacha afungue na kufunga mpaka alipotosheka.